Kikombe cha Chai ya Kibungura

Watu wa Kibungura wananiita mkorofi. Waniite tu. Mimi Wilhelmina Chenge nina duka la jumla Mirongo, Mwanza mjini, nauza sukari, sabuni na majani ya chai mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nimetukanwa na wachuuzi wa kila kabila linaloogea ziwa hili. Kuitwa mkorofi na watu wa kilimani hakuninyimi usingizi.

Kibungura ni kamji kaliko juu ya kilima upande wa Bukoba. Ukishuka kwenye meli unapanda gari saa moja na nusu, unazunguka kona mpaka tumbo linakuuliza umelikosea nini, halafu unaona bango: KARIBU KIBUNGURA, MJI WA CHAI NA MBEGA. Huyo mbega aliyechorwa hapo ana sura ya mbwa. Nadhani mchoraji alilipwa kabla ya kazi. Chini unaliona ziwa, kushoto chai, kulia chai, na nyuma kuna msitu wenye mbega wa kweli, weusi wenye mashuka meupe mabegani, wanaokuja kila asubuhi kula ndizi za watu. Ni pazuri, sikatai. Tatizo la pale ni maringo. Mtu wa Kibungura akikusalimia lazima akukumbushe kwamba anaishi kwenye chai. "Nyie wa Mwanza na vumbi lenu la mawe," wananiambia, "sisi huku tunavuta hewa ya chai." Hewa! Hilo neno lishike, tutalirudia.

Kule nilikuwa na mtani wangu mmoja, Nestory. Babu yangu Mayala na babu yake walipanga chumba kimoja zamani, wakati wote wawili wakifanya kazi ya pamba huku kwetu, Msukuma na Mhaya, wakaibiana mboga na viatu mpaka wakawekeana utani. Tangu hapo familia zetu zinataniana, na akifa mtu upande mmoja, upande wa pili unakuja kumzika kwa utani. Unamtukana marehemu, unaigiza mwendo wake, unaingia hata kaburini unalala, na hutoki mpaka ulipwe ulichotaja. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Ukilipwa ulichotaja, unatoka bila neno, kwa sababu hata utani una sheria zake.

Alhamisi mchana mke wake, Rose, akanipigia simu dukani.

"Mtani, Nestory ametutoka."

Nikakaa juu ya gunia la sukari. Kabla sijasema lolote, akaongeza, "Na Venant anataka kumzika makaburi ya mji. Sio kibanjani."

Basi nikajua kwamba kuna misiba miwili. Wahaya wanazika kibanjani, kwenye migomba yao, nyumba ikiwa inaona kaburi. Na kibanja chenye kaburi la mwenye nyumba hakiuzwi, mjane anabaki pale kulilinda mpaka naye aitwe. Rose na Nestory hawakujaliwa mtoto. Bila kaburi pale, Rose ni mgeni kwenye kibanja alichokipalilia miaka thelathini na moja. Na hicho kibanja kiko ukingoni kabisa mwa msitu, mahali mbega wanapotokea. Venant, mdogo wake Nestory, mwenyekiti wa kamati ya utalii, alishamwonyesha mwekezaji. Pangejengwa hoteli, wazungu wakae barazani na darubini zao, na Rose apangiwe chumba kimoja nyuma ya soko. "Chumba kizuri tu, shemeji, kina umeme." Ndivyo alivyomwambia, mwili wa kaka yake haujapoa.

Huyu Venant nilimfahamu. Kabla ya uenyekiti alikuwa mkuu wa walinzi wa geti la kiwanda cha chai. Miaka kumi na moja alisimama pale akiwapekua wafanyakazi wakitoka, mifuko, soksi, kofia, wasiondoke na majani. Nestory alifanya kazi chumba cha kuchekecha, na kila jioni alinyanyua mikono mbele ya mdogo wake mwenyewe akapapaswa. "Kazi ni kazi," Venant alikuwa akisema. Mdomo wake mtu yule! Ungeupaka asali nyuki wangeukimbia.

Ijumaa nikapanda meli. Jumamosi saa nne asubuhi nikawa msibani.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jeneza. "Nestory, mvivu wewe!" nikapiga kelele. "Uliniahidi kuja Mwanza kula sato, umeona nauli ya meli imepanda ukaona bora ufe!" Akina mama wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Nikaigiza alivyokuwa akitembea, bega moja juu, na kikohozi chake cha vumbi la chai, khoh, khoh. Rose akacheka mpaka akajifunika kanga usoni. Nikamkumbatia.

"Kaburi wameshachimba?" nikamnong'oneza.

"Makaburini kule. Wamelijengea na sementi. Mtani, nimesema mpaka nimechoka. Wanasema mjane ana uchungu, hajui anachosema."

"Mimi sina mume wa kufa," nikamwambia. "Watanisikia."

Nilijaribu kwanza kwa ustaarabu, Mungu ni shahidi. Nikamfuata Venant aliyekuwa amevaa suti nyeusi na miwani ya jua, nikamwambia mzikeni kaka yenu kwake. Akanipapasa bega. "Mtani, marehemu ni hazina ya mji mzima. Tumempa nafasi ya heshima, karibu na barabara. Watalii wataona kaburi la mkongwe wa chai." Nikamwangalia hivi. Kaka yake hata hajaoza, ameshamweka kwenye ratiba ya watalii.

Saa sita jeneza likabebwa kwenda makaburini. Wachuma chai sita walilibeba, watu wenye vidole vyeusi kwa utomvu. Nikatangulia mbele yao. Walipolitua kando ya shimo na katekista Yakobo akafungua kitabu chake, mimi nikavua viatu, nikampa mama mmoja mkoba wangu anishikie, nikateremka kaburini. Kuteremka ni neno la adabu. Nina kilo tisini na nne. Nilidondoka.

"Mae waitu!" wakapiga kelele kwa Kihaya, kama mtu asemaye mama yangu. Halafu vicheko. Nikajinyoosha chali kwenye sementi, nikafumba macho.

"Mtani ameingia!" mtu akasema. "Mlipeni mtani!"

Wakarusha sarafu. Nikazirusha nje. Wakarusha noti, nikazikunja nikazirusha nazo. Wakaleta jogoo, nikawaambia jogoo huyo amekonda, mpelekeni hospitali. Venant akachukua kipaza sauti, maana alikuwa amekodi kipaza sauti na spika mbili, akasema huku anacheka, "Haya, mtani wetu kutoka Mwanza, taja mwenyewe unachotaka. Kibungura hatushindwi!"

Nikafumbua macho. Kutoka chini pale niliona anga, na vichwa vya watu vimenizunguka, na kile cha Venant kikubwa kuliko vyote.

"Nina kiu," nikasema. "Nataka kikombe kimoja cha chai. Chai ya hapa hapa. Iliyochumwa Kibungura, ikasagwa Kibungura, ikanywewa Kibungura. Isiwe ya mahali pengine hata chembe."

Watu wakacheka. Venant akacheka zaidi ya wote, akafuta hadi machozi.

"Chai? Huku kwenye chai? Mtani, ungeomba hata ndoo!"

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa!" Akainua kipaza sauti, spika zikalia kwii. "Kengele ya kanisa ya saa nane ikilia hujapata chai yako, nakuapia mbele ya kaka yangu huyu aliyelala, mzikeni mnakotaka nyie!"

Katekista Yakobo ni mzee mpole, husema polepole. Akafunga kitabu. "Mmesikia, ndugu?"

"Tumesikia," wakajibu.

Haya sasa. Ngoja niwaambie kitu ambacho Venant hakukijua kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimejaa hewa. Mimi ndiye ninayewauzia chai watu wa Kibungura. Kila mwezi katoni zinatoka dukani kwangu, zinapanda meli, zinapanda kilima, zinafika dukani kwa Msafiri pale stendi. Wao chai yao inasagwa, inafungwa kwenye magunia, inashuka kwenye malori inakwenda kunadiwa mbali huko. Hawajawahi kuionja. Wanavuta hewa yake. Na hakuna aliyewahi kujiuliza, maana ukiizoea harufu kila siku unadhani umekunywa.

Kikombe cha kwanza kilikuja haraka, kutoka chupa ya kamati. Nikakaa, nikanusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi.

"Msafiri yupo?"

Msafiri akachungulia juu ya shimo.

"Hii si ile ya paketi nyekundu? Uliagiza katoni kumi na mbili mwezi uliopita."

Msafiri akakuna kichwa. "Ndiyo hiyo, mama. Mtaa mzima wanatumia hiyo."

Vicheko vikashuka nusu. Nikairudisha. Venant akaamuru mke wake alete kopo la wageni, lile la kabatini. Likaja, kopo zuri, lina picha ya milima na mama anayechuma chai akitabasamu, kitu ambacho sijawahi kuona mchuma chai akifanya. Nikamwomba Yakobo asome nyuma. Akaweka miwani. "Mchanganyiko wa majani kutoka mashamba mbalimbali. Imefungashwa Dar es Salaam."

"Dar!" akasema mama mmoja. "Kwa hiyo imetoka hapa ikaenda kutembea?"

"Na imerudi na wenzake," nikasema. "Kikombe cha tatu."

Cha tatu kilikuwa kituko. Walichuma majani mabichi shambani, wakayachemsha, wakaniletea maji ya kijani. Nikawauliza kama wana chumvi na nyanya, maana hiyo ilikuwa mboga. Hapo wachuma chai wale sita wakacheka, cheko la watu wanaoijua kazi yao. Mmoja, Mihayo, kijana wa Usagara huku kwetu aliyefuata vibarua kule, akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, majani lazima yanyauke, yasagwe, yachachuke, yakaushwe. Miaka yote getini hukujua?"

Venant akavua koti. Akapanda pikipiki kwenda kiwandani mwenyewe.

Sasa naomba nisiwadanganye. Alipoondoka, mimi pale chini nikaanza kupiga hesabu. Wafanyakazi wa kiwanda kile ni mia nne. Katika mia nne kweli akosekane mmoja aliyewahi kuficha konzi moja kwenye soksi? Angejitokeza mmoja tu, aseme nyumbani ninayo kidogo, na mimi sheria inanibana, nanywa, natoka, na Rose anapoteza kibanja kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilijiona mjinga. Ndio tabia yangu, naona kicheko kwanza, hasara naiona baadaye. Sementi ilikuwa baridi na mgongo ukaanza kuniuma.

Rose akaja ukingoni na kikombe cha maji. Akapiga magoti anipe.

"Mtani," nikamnong'oneza, "hakuna mtu mwenye hiyo chai humu, sivyo?"

Akarekebisha kanga yake begani. Akaangalia kule migomba yake ilikoanzia, ng'ambo ya bonde, ambako mbega wawili walikuwa wameketi juu ya paa la jiko lake kama wenye nyumba.

"Kunywa maji, mtani," akasema. "Usikauke koo."

Venant alirudi saa nane kasoro dakika kumi, mikono mitupu, shati limelowa. Getini walimgomea. Hakuna chai inayotoka bila kibali, kibali kinatoka makao makuu, na makao makuu Jumamosi hawapokei simu. Mlinzi mpya, aliyemfundisha yeye mwenyewe, alimpekua wakati wa kuingia na akampekua tena wakati wa kutoka. Mihayo aliposikia hilo aliketi chini kwa kucheka.

Mtu aliyeaibika hutafuta wa kumwangukia. Venant akamgeukia Rose, mbele ya watu wote, bila kipaza sauti maana hakukihitaji.

"Shemeji! Mume wako alikaa kiwandani miaka thelathini na moja. Thelathini na moja! Usiniambie hakuwahi kuja na hata kijiko. Sema kama ipo nyumbani. Ilete, tumalize jambo hili."

Nikasimama kaburini nione. Watu wakamgeukia Rose. Alikuwa amesimama wima, mwembamba, mikono ameifunga mbele.

"Unaniuliza mimi, Venant?" akasema. "Si wewe uliyekuwa unampekua? Miaka kumi na moja umemvua kofia kaka yako mbele ya vijana wadogo. Uliwahi kumkuta na kijiko?"

Venant akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Jibu, mwenyekiti," akasema mama yule aliyeshika mkoba wangu. "Ulimkuta nacho?"

"Sikumkuta," akasema. Sauti yake haikufika hata kwenye spika.

Na kengele ikalia. Saa nane.

Akajaribu, msidhani hakujaribu. "Jamani, ule si ulikuwa utani tu, ndugu zangu, mwekezaji yuko njiani," na maneno mengine ya namna hiyo. Yakobo akamwambia, polepole vilevile, "Uliapa kwa kaka yako, Venant. Yupo hapa, hajatoka." Wale wachuma chai sita hawakusubiri amri ya mtu. Walinyanyua jeneza, wakaligeuza, wakashuka nalo bondeni kuelekea kwenye migomba, na mji mzima nyuma yao, majembe juu, wanaimba. Mimi wakanisahau kaburini. Ilibidi Msafiri na mlinzi wa makaburi wanivute kwa kamba ya mbuzi.

Nestory tukamzika kwake saa kumi, chini ya migomba, hatua ishirini kutoka mlango wa jiko. Venant alikuja, hilo nampa. Alitupa udongo wake kama wengine, akaondoka bila miwani. Sijui aliiacha wapi.

Jua lilipokaribia kuzama watu wakapungua. Nikabaki na Rose jikoni, miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto. Akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono nyuma ya magogo ya darini, akashusha kopo la zamani la maziwa ya unga. Akalifungua mbele yangu.

Lilikuwa na majani ya chai, laini kama ugoro, hayakufika nusu. Nikayanusa. Miaka ishirini na mbili nanusa chai, na sikuwa nimewahi kunusa ile.

"Rose!"

"Alikuwa akirudi jioni amejaa vumbi lake," akasema. "Kichwani, kwenye kola, kwenye kope. Getini wanapekua mifuko, vumbi la mtu wanaliacha. Namvua shati hapa, nalikung'utia kwenye kanga, nachekecha. Siku nyingine napata kidogo kama chumvi ya yai. Mwenyewe alikuwa anagomba, anasema litupe hilo kopo, wakijua nitafukuzwa."

"Alikunywa?"

"Mara moja. Mwezi uliopita, alipolala kitandani na kikohozi chake asiinuke tena. Nikamwambia sasa watakufukuza wapi. Nikampikia. Alikunywa nusu kikombe, akanitazama, akasema, kumbe ndiyo inavyokuwa."

Nje, mbega mmoja akaruka kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, jani likavunjika. Rose akachota kijiko kimoja, akakitia kwenye sufuria, maji yakageuka rangi ya shaba. Akanimiminia bila maziwa, bila sukari. Kisha akaketi, akaniangalia.

Nikanywa. Na mimi ambaye nimekuwa nikiwauzia watu hawa makapi kwa katoni, mimi mwenye mdomo, niliutumia kunywa tu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mpaka hasira zikanipanda upya, maana huu ndio utamu waliokuwa wanaupekua mfukoni mwa aliyeutengeneza, na yeye akaishia kukohoa. Machozi yakanitoka, nikayalaani.

"Ungeniletea hiki pale kaburini, ningetoka," nikamwambia.

"Najua," akasema Rose, akafunika kopo. "Ndiyo maana nilikuletea maji."